"Huyu ni nani tena?" Mtoto anapopotea katikati ya kitabu kirefu

Dada wa Mbale, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema kijana wako ana miaka minane, yuko P3, yaani darasa la tatu la msingi, na vitabu vya picha anavimaliza mwenyewe bila kukwama. Lakini mlipoanza kusoma pamoja kitabu chenye sura, mlipofika sura ya nne akawa anauliza "huyu ni nani tena?" kila ukurasa, mwisho akaanza kuchezea nyuzi za mkeka. Unataka kujua kama umewahi mno, na kama umrudishe kwenye vitabu vya picha.

Mimi si mwalimu. Ni wakala wa forodha hapa Busia, Uganda, baba wa watoto watatu, na nyumbani nafika saa mbili usiku malori yakiwa bado yamepanga foleni. Nitakueleza yaliyonikuta, kuanzia nilipoharibu.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, mwanangu wa kwanza alikuwa P2. Unakumbuka hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Nikasema huyu sitamwacha akae bure, nikanunua kitabu kirefu, tukawa tunasoma kila jioni. Sura ikiisha namsimamisha: mhusika mkuu ni nani? Alikwenda wapi? Aliondoka siku gani? Maswali ya mtihani, maana ndiyo niliyoulizwa mimi utotoni. Akikosea, tunairudia sura nzima. Haikupita wiki ya tatu kitabu kikapotea. Nilikuja kukikuta nyuma ya majerikeni ya maji, kimelowa, kurasa zimevimba na kugandana. Alikuwa amekificha. Sikumgombeza, nilielewa. Leo ni kijana mkubwa na anasoma ya shule tu, na hilo linaniuma kila nikipita kwenye meza ya vitabu sokoni.

Kwa hiyo kwa binti yangu, alipofika umri wa kijana wako, nilianza kwa kusikiliza anapotea wapi hasa. Kitabu chetu kilikuwa cha sura kumi na nne, habari za msichana ambaye shamba la bibi yake limewekwa rehani. Usiku mmoja akaniuliza, "Baba, kwa nini mjomba hamsaidii Mwalimu?" Nikashangaa, kwa sababu mjomba na Mwalimu ni mtu mmoja! Nikafungua nyuma nikaangalia. Majirani wanamwita Baba Wafula. Wanafunzi wanamwita Mwalimu. Yule msichana anamwita mjomba. Binti kwa sura tano alikuwa amebeba kichwani wanaume watatu, na wawili kati yao hawafanyi jambo lolote la maana. Nani asingechoka?

Sisi hatuitani kwa jina moja. Mtu ni mama fulani kwa jirani, shangazi kwa mtoto wa kaka, mheshimiwa kwenye mkutano. Mtu mzima anaunganisha bila kujua kwamba anaunganisha. Mtoto wa miaka minane anayajua majina hayo yote nyumbani kwao kwa sababu anaziona sura za watu. Kitabuni hakuna sura za watu.

Hapo ndipo nilipochukua visoda, vile vifuniko vya chupa wanavyohesabia watoto shuleni. Kila mhusika akapata chake, na binti ndiye aliyechagua: bibi wa rangi ya chungwa, msichana mwekundu, karani wa benki cheusi kilichopinda "kwa sababu huyu si mtu mzuri". Mjomba tukambandikia karatasi tatu ndogo kwenye kisoda kimoja. Mkeka ukawa kijiji: pembe hii ni shamba, pembe ile ni mjini. Ninaposoma, yeye anasogeza. Mtu akisafiri, kisoda kinasafiri. Mtu akifa, kinageuzwa chali.

Sura ya sita karani anakuja kumdanganya bibi kwamba deni limelipwa, na msichana amejificha nyuma ya ghala anasikia. Binti akasogeza visoda viwili pamoja, cha tatu akakiweka chini ya ukingo wa sahani, halafu akanikatiza: "Bibi hajui. Huyu anajua." Akagusa chekundu. Nikajua sasa yumo ndani. Hadithi ndefu inasimama juu ya hilo: nani anajua nini, na nani bado hajui. Sikuwa nimemuuliza swali hata moja.

Jambo la pili ni lugha yetu yenyewe, na sioni watu wakilisema. Kiswahili kinaficha watu. "Alimwambia kwamba amemwona akitoka kwake." Hapo kuna watu wangapi? Ni mwanamke au mwanamume? Kwenye maongezi jicho linasaidia, kitabuni unabaki na hizo a- na m- tu. Ninaposoma kwa sauti naweka majina bila kuomba ruhusa ya mwandishi: "Bibi alimwambia Mwalimu kwamba amemwona karani akitoka kwa Mwalimu." Inasikika nzito kidogo kwa mtu mzima, lakini mtoto hazami. Baada ya sura nne tano nimeanza kupunguza majina, naye hakuona tofauti. Fanya hivyo pia kwenye mazungumzo marefu, na kila mtu mpe sauti yake. Yangu ya karani ni ya puani, watoto wanaipenda sana.

Halafu maneno magumu. Usieleze kila neno, utaua hadithi. Tafuta lile moja lililobeba kitabu. Kwetu lilikuwa "rehani". Asiyejua rehani ataona watu wanalia kurasa mia na hajui wanalia nini. Siku moja kabla hatujaanza, jirani alikuwa ameacha simu yake kwa mwenye duka mpaka alipe deni la unga. Nikamwonyesha binti ile simu juu ya rafu. Nikamwambia, ile ni rehani, asipolipa hairudi. Tangu hapo kila benki ikitajwa anakunja uso.

Kuna utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1988 ninaoupenda kwa ajili hii. Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 habari ya mchezo wa besiboli wasome, kisha wakawawekea uwanja mdogo wa mfano na vinyago vya wachezaji waonyeshe kilichotokea. Wale waliohesabiwa wasomaji dhaifu lakini besiboli wanaijua vizuri waliwashinda wasomaji hodari wasioijua. Nilipokutana na habari hiyo nilifikiria visoda vyangu nikafurahi. Lakini funzo kwako ni hili: kijana wako akipenda ng'ombe, tafuta kitabu kirefu chenye ng'ombe. Akiwa anashinda kwenye stendi ya boda, kitabu cha safari na magari. Anachokijua tayari kitambeba anapochoka.

Uangalie pia lugha. Huku kwetu P1 mpaka P3 shule nyingi zinafundisha kwa lugha ya mahali, ukifika P4 Kiingereza kinashika usukani, na Kiswahili wengi wetu ni cha nyumbani na sokoni. Mtoto anaweza kukisema vizuri bila kuwa amekutana na Kiswahili cha vitabu. Jaribu hivi: sura moja msimulie tu kwa mdomo, kwa lugha anayochezea na wenzake, bila kitabu. Akiifuata vizuri, hadithi haimshindi, ni maneno ya kitabuni. Basi simulia sura kwa ufupi kwanza, ndipo msome. Wengine watasema unaharibu utamu. Kwangu haikuharibu, watoto hutaka kusikia tena kitu wanachokijua.

Bibi yangu alijua hilo. Ngano zake zilikuwa ndefu, pengine za usiku mbili, na hatukupotea. Kila mnyama alikuwa na wimbo wake, na wimbo ukirudi unajua nani ameingia na jambo limefika wapi. Tena yeye alikuwa anasimama katikati: "Sungura tumemwacha wapi?" Sisi wote kwa pamoja: "Kisimani!" Kitabu hakina wimbo wala hakiulizi. Wewe ndiye wa kuuliza. Kila jioni kabla ya kufungua ukurasa mimi husema "Tumewaacha wapi?", na binti anapanga visoda mahali pake. Hapo ndipo kumbukumbu yote inapojengwa, dakika mbili tu. Na akikosea mahali, simsahihishi. Nasema, "Hebu tuone," nasoma, anajisahihisha mwenyewe.

Umesema mnasoma Jumamosi tu kwa sababu ya kazi. Dada, hapo naona tatizo kubwa kuliko yote. Wiki nzima ni ndefu mno kwa mtoto. Bora dakika kumi na tano usiku nne za wiki kuliko saa nzima mara moja, hata kama ni nusu sura, hata umeme ukikatika mkasoma kwa taa ya sola. Na ukikata, kata mahali pa moto, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango. Atalia kidogo, lakini kesho atakuja na kitabu mwenyewe.

Kumrudisha kwenye picha? Vitabu vya picha aendelee navyo peke yake, avisome kwa raha. Kirefu msome wewe, yeye asikilize. Watoto wa umri huo huelewa kwa masikio mambo mazito kuliko wanayoweza kusoma wenyewe kwa macho. Lakini msiendelee kutoka sura ya nne. Rudini ya kwanza, mwanzo kabisa, mkiwa na visoda, na mwache achague kipi ni nani. Chunguza mapema kama kuna mtu mwenye majina mawili au matatu. Na siku akikukatiza katikati ya sentensi kukuambia "Mama, huyo hajui bado," weka kidole kwenye mstari, funga mdomo, mwache amalize.