Acha Giza Libaki Giza: Kupiga Picha za Taa Usiku Huku Mbeya

Zima flashi. Halafu gusa skrini ya simu pale penye taa yenyewe. Kwenye simu nyingi kitatokea kialama kidogo cha jua pembeni. Kiburute chini mpaka picha iwe nyeusi kuliko unavyotaka, kisha rudisha kidogo. Ukiishia hapo bila kusoma zaidi, bado picha zako za usiku zitapanda daraja.

Simu za siku hizi zimetengenezwa kama vile giza ni ugonjwa wa kutibiwa. Ielekeze kwenye kibanda cha chipsi pale Kabwe saa mbili usiku, uone. Inakomba kila chembe ya mwanga, inakuonyesha bati, waya, nguzo na ndoo ya maji, halafu lile kabati la kioo lililokuvutia linageuka doa jeupe. Wewe hukuona hivyo. Uliona njano ya globu, viazi vinavyong'aa kwa mafuta, mkono wa muuzaji, na pembeni hakuna kitu. Hicho “hakuna kitu” ndicho kinachobeba picha, na kazi yako kubwa usiku ni kuizuia simu isikijaze.

Muda nao una maana. Watu wengi wanasubiri giza liingie kabisa, wakati kitamu kipo kabla ya hapo, jua likishazama na anga likiwa bado na buluu nzito. Dakika hizo mwanga wa anga na wa taa za madirishani unakaribiana nguvu, kwa hiyo vyote viwili vinaingia kwenye picha bila kimoja kumeza kingine. Kwa kuwa hatuko mbali na ikweta, hali hiyo inapita haraka, kama dakika 20 hivi. Huku Mbeya mwezi Juni jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni, na Januari linavuka saa moja. Ukitoka Dar utaona linachelewa, kwa sababu tuko magharibi zaidi. Fika mapema ujipange. Kutoka kwenye miinuko ya chini ya mlima Loleza unauona mji wote ukiwashwa mtaa kwa mtaa, na kwa walioko Iringa kuna jiwe la Gangilonga. Nenda na wenzako, na tochi ya kushukia msiisahau.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya nisiwaonee wivu wapiga picha wa mjini Dar. Sisi tuna ukungu. Wao wakitaka mwanga uonekane kama mihimili wanakodi mashine ya moshi. Sisi tunafungua mlango tu. Mwanga ukipita hewani pakavu huuoni, mpaka ugonge kitu. Kwenye ukungu unagonga matone madogo ya maji na kutawanyika, ndiyo maana taa ya bajaji inayokuja kwenye ukungu wa Tukuyu inachora njia yake yote hewani. Siri ni kusimama upande sahihi. Ukiwa na taa mgongoni mwako, ukungu unakuwa ukuta wa kijivu na picha inakufa. Taa iwe ng'ambo, inakuangalia wewe, na katikati yenu pawe na ukungu na kitu cha kuificha taa yenyewe: nguzo, mti, mtu anayetembea na mwavuli. Hapo mtu anakuwa kivuli cheusi chenye ukingo wa dhahabu, na wala hukuhitaji lenzi ya mamilioni.

Kanuni ni ileile kwa mvuke wa chai, moshi wa mishikaki, hata pumzi ya konda asubuhi ya Julai akiwa anaita abiria. Baridi ya hapa, ambayo kila mgeni anailalamikia, ni mtaji. Ila inakula betri, kwa hiyo simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili mpaka unapoihitaji. Na ukitoka nje kwenye baridi kuingia jikoni penye mvuke, lenzi itashika umande palepale. Subiri ipate joto, kisha ifute kwa kitambaa cha pamba. Kwa kweli ifute kila mara: alama ya kidole chenye mafuta ndiyo inayofanya kila taa iote mistari mirefu ambayo watu wanadhani ni ubovu wa kamera.

Makaa ya jiko ndiyo taa ninayoipenda kuliko zote. Mama anayechoma mahindi kando ya barabara ana mwanga unaotoka chini kwenda juu, mwekundu, na kila akipepea unabadilika. Lakini usifike ukaanza kupiga kama askari wa usalama barabarani. Nunua kwanza, uongee.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Naomba mawili yaliyoiva vizuri. Na ukiniruhusu, nikupige picha ukiwa unachoma.”

“Unipige nilivyo hivi? Subiri kwanza nijifunge kanga vizuri.”

Msubiri. Kisha mwambie unataka mikono tu, utaona mabega yake yanashuka. Mikono juu ya makaa inaeleza mengi kuliko uso uliokakamaa. Bana pumzi, vuta mwanga chini mpaka makaa yawe na umbo badala ya kuwa bonge jeupe, na piga mfululizo anapopepea, maana cheche haziji kwa miadi. Halafu muonyeshe picha, na umtumie kama ana WhatsApp.

Huenda ukashangaa makaa yametoka na rangi ya zambarau au waridi wakati macho yako yaliona nyekundu. Kitu cha moto kinatoa pia mwanga ambao jicho halioni, na kamera inaunasa kiasi. Ukitaka kuthibitisha, elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya mbele ya simu ukiwa umebonyeza kitufe. Kwenye simu nyingi utaona kijitaa kinawaka ambacho kwa macho hakionekani.

Kuhusu rangi, ingia sehemu ya kamera iliyoandikwa Pro, utafute WB, yaani mizani ya rangi nyeupe. Rangi ya mwanga inapimwa kwa Kelvin: mshumaa uko karibu na 1,900, globu ya kizamani 2,700, jua la mchana 5,500, na zile taa nyeupe za LED za madukani huwa zinafika 6,500. Simu ikijiamulia, inajaribu kuosha njano yote ili karatasi ionekane nyeupe, na koroboi linaishia kufanana na taa ya hospitali. Mimi naiweka kati ya 3,500 na 4,000 na kuiacha hapo. Moto unabaki wa moto, duka la jirani linabaki la baridi.

Kama picha za madukani zinatoka na mistari myeusi ya kulala, tatizo ni umeme. Umeme wetu una mzunguko wa 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi zinapwesa mara 100 kila sekunde. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde, mistari itaondoka.

Michirizi ya taa za magari inahitaji shata ikae wazi sekunde nne mpaka nane, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iwe chini kabisa, na simu isitikisike. Huna stendi? Jaza soksi safi kwa nusu kilo ya maharage, uifunge, ulaze simu juu yake na uweke saa ya sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza katikati ya mji, malori hayakosekani: yanayokuja yanaacha nyeupe, yanayokwenda yanaacha nyekundu. Lakini omba ruhusa upigie ghorofani au kwenye baraza la duka. Kwenye kona za Kitonga au mteremko wa Iwambi usisimame kando ya lami usiku, hata kama picha ni nzuri namna gani.

Na kuna vitu viwili ninavyowakataza vijana moja kwa moja. Fundi wa kuchomelea anavutia, lakini ule mwanga unaunguza macho na usipoangalia unaharibu hata kamera. Piga cheche ukiwa mbali, ule mwali wenyewe ukiwa umefichwa na mwili wake. Na ule mtindo wa kuwasha nyuzi za chuma na kuzizungusha ili zirushe cheche, msiulete huku kwenye misitu ya misonobari na nyasi kavu.

Umeme ukikatika nyumbani, usikimbilie kulala. Simamisha chupa ya maji safi juu ya tochi, maji yatatawanya mwanga chumba kizima. Karatasi za pipi zinazopitisha mwanga zinafaa kufunika tochi zikaleta nyekundu au kijani. Zamani ungetumia rambo, ile mifuko ya plastiki, ila hizo zilipigwa marufuku mwaka 2019 na sizikumbuki kwa hamu yoyote. Mweke mtoto karibu na mshumaa, upande mmoja, umwambie akuhadithie kitu. Uso wa mtu anayeongea unashika mwanga vizuri kuliko wa anayepozi.

Mwisho kabisa, ukituma picha hizi WhatsApp kwa njia ya kawaida zinabanwa, na sehemu nyeusi ndizo zinazoumia zaidi, zinajaa vijimraba. Zitume kama dokumenti. Na anayekujibu “mbona giza” mwambie aongeze mwanga wa skrini yake.