Barua kwa mwanangu Saumu: usitie jeki

Mwanangu Saumu,

Assalaam alaikum. Hapa Mombasa hatujambo. Mamako magoti yanamsumbua, lakini jana alikwenda sokoni Kongowea mwenyewe na akarudi na muhogo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na picha nimezitazama moja moja kwa miwani. Unasema fremu ya gari unalojitengenezea mwenyewe huko Uingereza umemaliza kuichomelea, ukaishusha kwenye sakafu ya gereji, na pembe moja ikabaki juu mm 9. Mwenzio wa kazini amekushauri uifunge upande mmoja kwa mnyororo, utie jeki upande wa pili, usukume mpaka ikae. Ukaniuliza: baba, nitie jeki, au nikate nianze upya?

Usitie jeki, mama. Na kuikata yote hakuna haja pia, hilo nitalifikia.

Kuna jambo sikuwahi kuwasimulia nyumbani. Mwaka 1988, nilipokuwa na karakana pale Changamwe, nililetewa pikapu iliyogongwa ubavuni, chasi imekwenda upande. Mwenyewe ana haraka, mimi nina deni la kodi. Nikaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo, nikatia jeki, chuma kikalia, ikanyooka. Nilipima kwa uzi, ikawa sawa kabisa, nikapokea pesa yangu. Baada ya wiki tano, imebeba magunia ya nazi, kishikio cha springi ya nyuma kikang'oka karibu na Mariakani. Utingo aliyekaa juu ya magunia akaanguka, akavunjika mkono mahali pawili. Nilipokwenda kuitazama ile chasi, ufa ulianzia pale pale nilipoisukuma, na kutu ilikuwa imeshaingia ndani. Maana yake ufa ule ulikuwepo siku nyingi, gari linatembea nao. Gharama za hospitali nililipa mimi. Mkono wa yule kijana haukunyooka tena, na kila nikikutana naye Mwembe Tayari huutazama kabla sijamtazama usoni.

Pikapu ile ilikuwa na chasi ya chuma kinene. Wewe una paipu za mraba za mm 25, unene wake mm 1.6. Ukizilazimisha zitakubali, lakini nguvu uliyotia itabaki imejificha kwenye viungo, ikingoja shimo la kwanza barabarani.

Sasa tuanze na kupima, kwa sababu sijaamini bado kwamba fremu ndiyo iliyopinda. Sakafu za gereji humwagwa na mteremko kidogo ili maji yatoke mlangoni, na zege halikai sawa kila mahali. Fremu ikikaa juu ya pembe nne, huwezi kujua nani mwenye kosa. Iweke juu ya mafiga matatu: mawili nyuma, moja mbele katikati. Unajua sufuria juu ya mafiga matatu haichezi hata ardhi ikiwa mbaya vipi. Kisha chukua paipu mbili zilizonyooka ambazo hujazichomelea, laza moja juu ya fremu kwa mapana huku nyuma, na nyingine kule mbele. Weka pimamaji juu ya ile ya nyuma, chomeka vipande vya bati chini ya figa mpaka tone likae katikati. Halafu hamishia pimamaji mbele. Tone likikimbia upande, ndipo tuseme fremu imejipinda. Chuchumaa pia nyuma, fumba jicho moja, utazame mgongo wa paipu ya karibu unavyolingana na ule wa mbali. Jicho lako ni zuri kwa hilo, tangu ulipokuwa ukinisaidia kutundika mageti.

Kama tofauti haifiki mm 3, mimi ningeiacha, na nitakwambia sababu. Ikizidi, endelea kusoma.

Katika picha ya tatu naona ulivyofanya kazi. Rangi ya zambarau na samawati ya joto imeungana toka kiungo hadi kiungo upande wote wa kushoto, kuanzia puani hadi nyuma. Ulikaa upande mmoja ukachomelea mfululizo, labda jioni moja. Mahali ulipoyeyusha, chuma kikipoa hujivuta, na hujivuta kuelekea kwenye mshono. Kiungo kimoja huvuta kidogo usichokiona. Viungo ishirini vikivuta upande mmoja kabla wa pili haujaguswa, fremu nzima hugeuka kama kitambaa kinachokamuliwa. Kisha ukaweka zile paipu za mshazari, nazo zikaifunga ikiwa tayari imegeuka. Hizo ndizo zinazoishika sasa.

Kwa hiyo hizo ndizo utakazokata, na upande mmoja tu wa kila moja. Tumia jiwe jembamba la grainda, lile la mm 1, ukate karibu na kiungo. Anza na zile za chumba cha injini. Jiwe likikaribia kumaliza, sogeza uso pembeni na usikilize: paipu iliyokuwa ikivutwa hutoa mlio mdogo, na ncha yake huruka nywele mbili tatu ikakataa kulingana na pale ilipotoka. Usiisukume irudi. Pima lile pengo, uliandike kwenye paipu yenyewe kwa chaki.

Ukishazilegeza, ibane fremu kwenye meza yako ya mbao kwa klempu, pembe zote nne, bila nguvu nyingi. Rudia pimamaji. Ndipo ukate vipande vipya vya mshazari, na vikae vyenyewe mahali pake; pengo likizidi mm 1 tengeneza kingine, usilijaze kwa moto. Vishikize vyote kwa nukta ndogo kabla ya kumaliza hata kimoja. Halafu ruka: kiungo cha mbele kushoto, kisha cha nyuma kulia, kisha mbele kulia, nyuma kushoto. Usirudi kwenye kiungo mpaka kiganja chako kiweze kukaa juu yake. Usikipoze kwa maji. Itakuchukua wikendi nzima, nami najua gereji yenyewe ina baridi. Kunywa chai katikati.

Na sasa ile sababu ya mm 3. Gari hili haliendeshwi na paipu, linaendeshwa na mahali matairi yaliposhikwa. Vishikio vya mikono ya mbele, ile inayoshika matairi, na vya ekseli hujavichomelea bado, alhamdulillahi. Vuta uzi katikati ya fremu toka mbele hadi nyuma, dondosha timazi, upime kila kishikio kutoka kwenye uzi ule. Usipime kutoka kwenye paipu iliyo karibu hata kama inakutamanisha. Fremu yenye kasoro ndogo na vishikio sahihi itakwenda mshale. Vishikio vikikosea, hata fremu nzuri namna gani itakuvuta ukingoni.

Umeniandikia kwamba gari likiisha litapita IVA, ukaguzi wa huko Uingereza wa magari ya kujitengenezea, ulioshika nafasi ya ule wa zamani, SVA, mwaka 2009, na kwamba kingo za nje hazitakiwi kuwa kali, mviringo usipungue mm 2.5. Wakague, nafurahi kwamba wakaguzi wapo. Lakini mkaguzi haoni ndani ya paipu. Mtafute fundi wa kuchomelea wa huko aliyezoea kazi hii, aje aitazame mishono yako kwa macho kabla hujapaka rangi. Mimi natazama picha tu.

Kuhusu lile la mwisho, kwamba watu wanasema unapoteza muda na pesa. Wewe mwenyewe ulinisimulia habari za Colin Chapman, mwanzilishi wa magari ya Lotus, jinsi mwaka 1948 alivyotengeneza gari lake la kwanza kutokana na Austin Seven kuukuu, katika gereji nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake kule London. Miaka tisa baadaye akatoa Lotus Seven, gari la kilo 500 hivi, na watu walilinunua vipande vipande wakajiungia nyumbani kwa sababu hivyo waliepuka kodi ya mauzo. Kigari chako kinatoka kwenye ukoo huo. Na ekseli uliyonunua imetoka kwenye Ford Escort. Mwaka 1977 nilikuwa na miaka 15, tumezunguka redio barazani kwa marehemu babu yako, siku Björn Waldegård aliposhinda Safari Rally kwa Escort. Nililala nikiwaza ndani ya gari lile mna nini. Sasa mwanangu ameilaza ekseli yake kwenye sakafu ya gereji, ananiuliza ikae wapi. Sina neno la kuwajibu hao watu, ila kwamba nusu ya gharama ya jiwe la grainda na paipu mpya naituma mimi.

Pima alfajiri kabla jua halijapiga mlango, ili chuma chote kiwe na joto moja. Nitumie majibu mawili: tone limekimbia upande gani, na bati ngapi zilihitajika chini ya pimamaji kule mbele kulirudisha. Usikate chochote mpaka nikujibu. Simu nitakuwa nayo karibu, hata usiku.

Babako