Pikapu ya mtumba kwa familia ya Malindi: anza kwa viti, kisha lala chini ya chasisi

Msomaji mmoja wa Barani, hapa Malindi, ameniandikia wiki hii. Ana watoto wawili na wa tatu yuko njiani. Shamba liko Ganda, shule iko mjini, na mkewe hufuata mzigo wa duka Mombasa. Pesa aliyo nayo inatosha ama pikapu ya kebini moja ambayo haijachoka, ama dabo kebini, yenye safu mbili za viti, lakini ya umri mkubwa zaidi. Anaelekea kwenye ile ya kwanza. "Watoto watakaa nyuma, ndugu, si mbali."

Ndugu yangu, watoto hawakai nyuma. Kule hakuna mkanda, hakuna egemeo, hakuna cha kushika ila ukingo wa bodi ya mzigo. Dereva akikanyaga breki kwa sababu ya mbuzi au bodaboda, gari husimama na mtoto huendelea na mwendo ule ule. Kila Idi na kila harusi tunaona pikapu imejaa watoto ikishuka ufuoni, huku watu wazima wamekaa mbele na mikanda yao kifuani. Inauma kuona. Na bima huandikwa kwa idadi ya viti vilivyomo kwenye logibuku. Aliyeumia akiwa nje ya viti hivyo, kampuni ina sababu ya kukataa madai yake.

Kwa hivyo kebini moja imetoka. Kebini na nusu nayo imetoka: vile viti vidogo vya kukunja nyuma ya dereva, vingine vinavyotazama ubavuni, ni vya kuwekea mikoba. Imebaki dabo kebini, na hiyo ni ya watu watano. Mkifika sita, pikapu haiwatoshi tena. Tafuteni Noah au Hiace, na mzigo ukodiwe gari lake.

Ukifika kwenye gari, fungua mlango wa nyuma kabla ya kufungua boneti. Kaa nyuma ya dereva huku kiti chake kikiwa pale unapokiweka wewe ukiendesha, uone magoti yanafika wapi. Hesabu mikanda. Katika matoleo ya zamani ule wa katikati huwa wa kiunoni tu, na mingi imezama chini ya kiti miaka mingi. Ivute yote hadi mwisho: sehemu iliyojificha ndani ndiyo huonyesha kama uzi umechanika, na karibu na mwisho kuna kilebo chenye tarehe ya kutengenezwa. Mkanda ukiwa mpya kuliko gari, uliza kwa nini ulibadilishwa, kwa sababu mara nyingi ni ajali. Ikiwa kuna mtoto mchanga, nenda na kiti chake siku ya kukagua. Kiti cha mtoto cha kawaida kina upana wa sentimita 44 hivi. Vitatu sambamba ni zaidi ya mita 1.3, na dabo kebini nyingi hapo hukataa. Tazama pia kwenye ufa kati ya egemeo na makalio ya kiti kama kuna vyuma vya kufungia kiti cha mtoto. Kisha washa AC, acha dakika kumi na tano gari likiwa juani, ukiwa umekaa nyuma. Wauzaji hujaza gesi siku moja kabla ya mnunuzi kuja. Kondensa iliyotobolewa na hewa ya chumvi huivujisha tena baada ya wiki chache. Tochi itakuonyesha: mapezi ya kondensa yaliyooza huvunjika kama mkate mkavu ukiyagusa.

Uzito ni hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Mzigo unaotajwa na kiwanda kwa kawaida ni pamoja na watu. Chukua dabo kebini ya kubeba kilo 850. Baba kilo 80, mama 70, watoto watatu wakishakua kidogo 105 kwa jumla: hizo ni 255. Zimebaki 595, yaani mifuko kumi na mmoja ya saruji ya kilo 50, basi. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, halipandi humo. Bodi yenyewe ina urefu wa mita 1.5 hivi, ilhali ile ya kebini moja hufika mita 2.3, kwa hivyo mabati marefu na boriti vitatokeza nje, na uzito ukining'inia nyuma ya ekseli hunyanyua magurudumu ya mbele na usukani ukawa mwepesi.

Ndiyo maana nataka ujue gari lilifanya kazi gani kabla yako. Chungulia nafasi kati ya kebini na bodi. Upana wake uwe sawa juu na chini. Ikiwa juu imepanuka, chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari lote, imelegea kwa kuzidishiwa mawe ya kujengea. Ng'oa plastiki ya ndani ya bodi: saruji iliyoganda kwenye mikunjo ni pikapu ya ujenzi, harufu ya samaki na weupe wa chumvi kwenye boliti ni pikapu ya samaki, ambayo maji ya barafu yamekuwa yakiitiririkia chasisi kila siku. Iliyofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, iache hata ikiuzwa nusu bei. Iliyobeba miraa huwa na bodi safi, lakini injini imekimbizwa usiku kucha.

Sasa chasisi, na hapa sitafupisha. Hewa yetu ina chembe za chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata kiangazi, kwa hivyo chuma hakikauki. Chasisi za pikapu nyingi ni mihimili yenye uwazi ndani. Mchanga na tope huingia kwa matundu, hukaa, hushika maji, na kutu huanza kula kutoka ndani kwenda nje. Nje utaona rangi nyeusi ya kupendeza, ndani pamebaki unene wa kopo la maziwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: rangi mpya ya lami chini ya gari kuukuu ni sababu ya kukagua mara mbili.

Nenda na tochi, nyundo ndogo, bisibisi, sumaku na kipande cha waya. Gari lipandishwe kwenye shimo la gereji au stendi za chuma, kamwe usiingie chini likiwa juu ya jeki peke yake. Gonga muhimili kila sentimita kumi, kuanzia nyuma ya gurudumu la mbele hadi mwisho, pande zote mbili. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilicholiwa hutoa sauti nzito, na maganda mekundu huanguka kutoka ndani. Kaa zaidi pale chasisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, kwa sababu tope la magurudumu hutua hapo, na kwenye vishikio vya springi na shekeli zake, na kwenye miguu inayobeba kebini. Ingiza waya kwenye matundu ukwangue: ukitoka na mchanga wenye maganda, ndani pameoza. Bisibisi ikizama, funga mkoba urudi nyumbani. Bamba lililochomelewa juu ya ule mpindo nalo ni la kukataa, hata fundi akiapa. Hufunika kutu iliyo hai, na mahali palipochomelewa vibaya huwa pa kwanza kupasuka chini ya mzigo. Sumaku ni ya mabati ya nje ya gari: chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu, isiposhika hapo kuna puti, yaani udongo wa kuzibia mashimo.

Uliza pia gari lilitoka wapi. Toyota Hilux haikuuzwa Japani kati ya 2004 na 2017, kwa hivyo dalali akikuapia kuwa Hilux ya 2010 "imetoka Japani", omba karatasi. Zilizotoka Uingereza zimekula chumvi mara mbili, maana kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Nissan Navara za toleo la D40 zilijulikana huko kwa chasisi kukatika kwa kutu. Hata ikiwa na injini nzuri, Navara ya aina hiyo ikaguliwe nyuma ya kebini kuliko mahali pengine popote.

Kutu hiyo hiyo hula breki. Fuata kwa kidole mirija ya chuma ya breki inayoelekea nyuma: ikiwa na magamba, bei ya mirija mipya ikatwe kwenye bei ya gari. Karibu na ekseli ya nyuma, Hilux nyingi zina vali ya kupima mzigo, yenye fimbo inayoshika ekseli. Kazi yake ni kupunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu. Fimbo ikiganda, ama breki za nyuma hazifanyi kazi kwenye mzigo, ama magurudumu ya nyuma hujifunga gari likiwa tupu kwenye lami yenye mvua, na gari huzunguka. Mafundi wengi huiondoa tu. Familia ikipanda, irudishwe.

Injini nitaipitia upesi, kwa sababu injini hununuliwa nyingine, chasisi haibadilishwi kirahisi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na uiguse kwanza. Iwake ikiwa baridi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni dizeli nyingi au hewa haba, mweupe usiokwisha ni nozeli mbovu au maji yanayoingia ndani. Ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili ukigeuze juu chini kwenye tundu lake: kikirukaruka, pistoni zimechoka. Hilux za 2005 hadi 2015 zenye injini za dizeli za 2.5 na 3.0 za D-4D hutumia mkanda wa taimingi, unaooanisha vali na pistoni, na ukikatika, vali hugongana na pistoni. Usipopewa risiti ya mkanda, badilisha wiki ya kwanza. Ile ya 3.0 inajulikana kwa washa (pete) za shaba za nozeli kuvuja: masizi huingia kwenye oili, huziba chujio la chini ya pampu, na injini hukosa oili huku dashibodi ikiwa haijakuambia kitu. Mlio mkali wa kugonga wakati wa kuwasha asubuhi ndiyo dalili. Isuzu D-Max yenye injini ya 3.0 ya 4JJ1 hutumia cheni badala ya mkanda, na kwa familia ya kawaida naona ndiyo yenye usumbufu mdogo. Pikapu mpya zaidi zilizotoka Uingereza huwa na kichujio cha masizi kwenye ekzosi, ambacho huhitaji mwendo mrefu wa kasi ili kijisafishe. Safari za Barani na shule tu zitakiziba.

Endesha hadi Gede na kurudi, madirisha yakiwa yamefungwa, redio imezimwa. Mlio unaopanda na mwendo ni difu (gia za ekseli) au beringi. Kugonga unapoachia mafuta ni jointi za propela. Magurudumu manne usiyajaribu kwa kukata kona kwenye lami kavu, utaumiza gia. Tafuta njia ya mchanga, weka 4H (magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida) kisha 4L (kwa mwendo wa polepole wenye nguvu), na uone kama magurudumu ya mbele yanavuta kweli. Tairi zina tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Zilizopita miaka sita, hesabu kuwa unanunua seti mpya.

Karatasi ziangaliwe wewe mwenyewe, kwa akaunti yako ya eCitizen, kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, siku ile ile ya kulipa. Nakala aliyokuja nayo dalali haitoshi. Linganisha namba ya injini na ya chasisi kwa macho. Ile ya chasisi kwa Hilux imepigwa kwenye muhimili wa kulia karibu na gurudumu la mbele, na ikiwa pamesuguliwa au kuchomelewa, ondoka. Tazama kama benki au sacco imeandikwa kuwa mmiliki wa pamoja. Uhamisho wa umiliki uanze kabla pesa ya mwisho haijatoka, na usipite siku 14. Tazama pia kama pikapu imesajiliwa kama gari la biashara, kwa kuwa la namna hiyo hukaguliwa kila mwaka, na bima yake ni ya daraja hilo.

Kwa huyu ndugu wa Barani, basi, jibu ni dabo kebini, ile ya umri mkubwa, ikiwa tu chasisi imelia kengele kutoka mbele hadi nyuma. Isipolia, asubiri aongeze pesa. Na atenge sehemu kama ya kumi ya bei kwa mkanda wa taimingi, mirija ya breki, oili zote na mikanda ya viti.

Akishainunua, aioshe chini kila wiki, na asitumie maji ya kisima chenye chumvi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo uani. Atumie ya mfereji au ya mvua. Mpira uingizwe kwenye matundu ya chasisi hadi maji yanayotoka yawe safi. Likikauka kabisa, siku mbili juani, ndani ya mihimili ipulizwe mafuta ya nta ya kuzuia kutu, bila kuziba matundu ya chini ya kutolea maji. Oili chafu ya injini isitumike, hula bushi za mpira. Kazi hiyo irudiwe kila mwaka kabla ya mvua za Aprili.