Bayasi: kosa la kuondoa au volti za kuweka?

SWALI: Nasomea elektroniki Lubumbashi, na jioni natengeneza ampli (vikuza sauti) kule Katuba, mtaa wa hapa mjini. Profesa wa takwimu anasema bayasi ni kosa la kuepuka. Karatasi ya maelezo ya transista inaniambia niweke bayasi. Rafiki yangu wa akili mnemba naye anasema programu yake ina maelfu ya bayasi. Nimfuate nani?

JIBU: Mdogo wangu, wote wako sawa. Kila mmoja anazungumzia kitu kilichosogezwa kutoka sifuri. Uliza tu kama kimesogezwa makusudi.

Tuanze na ampli, maana ndiyo iliyo mezani kwako. Hatua ya mwisho ina transista mbili: moja inabeba nusu ya juu ya wimbi, nyingine nusu ya chini. Transista ya silikoni haifunguki mpaka kati ya miguu yake miwili, beisi na emita, kuwe na volti 0.6 au 0.7. Kwa hiyo wimbi linapopita karibu na sifuri, zote mbili zimelala, na kipande hicho kinapotea. Punguza sauti utasikia muziki unakwaruza. Dawa ni kuweka takriban volti 1.3 kati ya beisi hizo mbili; hiyo ndiyo bayasi. Usizidishe! Transista ikipata joto, volti inayohitaji hushuka kama milivolti 2 kwa kila digrii. Mkondo unapanda, joto linaongezeka, mwishowe inaungua. Ndiyo maana diodi zinazotoa volti ya bayasi hubanwa kwenye radiata (bamba la kupozea) ileile ya transista, ili zikipata joto volti hiyo ishuke pia. Ukikuta fundi amezining'iniza hewani, zirudishe.

Kwa profesa, chukua mizani inayoonyesha gramu 2 ikiwa tupu. Pima mara 100 utafute wastani: kosa la kubahatisha litapungua mara kumi, lakini zile gramu 2, yaani bayasi, zitabaki palepale. Zitagunduliwa tu ukipima kitu ambacho uzito wake unajulikana.

Kwa rafiki yako, bayasi ni namba inayojumlishwa baada ya kila namba inayoingia kwenye programu kuzidishwa kwa "uzito" wake, yaani namba inayoamua ina nguvu kiasi gani. Programu hujifunza namba hiyo yenyewe. Ila programu hiyohiyo inaweza kubeba pia bayasi ya profesa. Ikifunzwa kusikia Kiswahili cha Dar es Salaam pekee, itamkosea mtu wa Katuba kila mara, na jambo hilo linaniuma. Kuiongezea saa elfu za sauti zilezile hakutasaidia. Zinatakiwa sauti za Katuba.