Guruneti Ndani ya Sanduku la Babu

SWALI: Mzee, pokea salamu kutoka Umoja. Babu yetu alikuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki) na alipigana Bama (Burma, leo Myanmar). Mwezi uliopita, baada ya mazishi, tulifungua sanduku lake la bati, na chini ya koti la jeshi tukakuta chuma chenye mifereji kama nanasi. Kina pini yake na mkono wa pembeni. Kwenye kitako kumeandikwa No 36M Mk I, herufi fulani, na 43. Karibu na juu kuna misalaba myekundu iliyofifia. Sioni tundu popote. Kaka yangu anasema ni ganda tupu la ukumbusho. Anataka kulisugua kwa msasa, alipeleke Kamukunji fundi afungue kitako, kisha liwekwe kabatini. Nimekutumia picha. Tutajuaje kama ni tupu?
Mjukuu wa Keya

JIBU: Mjukuu wangu, mwambie kaka yako aweke msasa chini. Tokeni nyote katika chumba hicho, fungeni mlango, mpige simu polisi, 999. Wao ndio watakaowaleta wataalamu wa mabomu. Msilibebe kupeleka kituoni, hata mkilizungushia blanketi, na tafadhali sana msipande nalo matatu. Fundi wa Kamukunji ni hodari wa sufuria na majiko. Kazi hii si yake.

Sasa nikusomee picha. Nilikaa stoo ya silaha miaka 22 na chuma hiki nakijua.

Hilo ni guruneti la Mills, la Waingereza, lililoanza kutumika mwaka 1915 na kubeba jina la William Mills wa Birmingham. La kwanza lilikuwa namba 5, la kurusha kwa mkono tu. Namba 23 likatobolewa kitako na kutiwa uzi wa skrubu, ili ufito ukazwe hapo na lirushwe kwa bunduki. Namba 36 likaacha ufito: kitako chake hukazwa sahani ya chuma ya inchi 2 na nusu, nalo hukaa ndani ya kikombe kinachofungwa mdomoni mwa bunduki. Kwa hiyo anayetaka kuyatofautisha huanzia kwenye kitako, maana miili yenyewe inafanana kama mayai.

M ni ya Mesopotamia, Iraki ya leo. Kwa ajili ya nchi za joto na unyevu yalipakwa shelaki, ile ile wanayoijua maseremala, ndiyo maana katika picha yako mifereji ina wekundu wa kahawia kama meza kuukuu. Wengi huona ni kutu wakaikwangua, na alama nzuri ikapotea. Herufi zile ni za kiwanda, na 43 ni mwaka. Ukikuta mwilini mwaka mwingine, si lazima iwe ulaghai, kwa kuwa vitako viliweza kubadilishwa. Na mwaka huo unaafikiana na habari za babu yako: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw, kule Bama, mwaka 1944 katika mvua kubwa. Nilipoona 43 nilisimama kidogo, nikamfikiria kijana wa kutoka kwetu kwenye tope lile.

Kinachoniogopesha ni misalaba myekundu. Duara la misalaba hiyo lilikuwa alama ya guruneti lililojazwa baruti. La kujifunzia huwa na neno DRILL na matundu yaliyotobolewa mwilini. Lako halina tundu, pini ipo, kitako kimekaza. Mimi nalihesabu kuwa zima mpaka mtaalamu aseme vinginevyo.

Na hata misalaba isingekuwepo, nisingekwambia uwe na amani. Siku moja nilifungua kasha la maguruneti ya mafunzo, yote yana rangi mpya, na moja katikati yao halikuwa na tundu. Mtu alikuwa ameyapaka yote pamoja bila kuangalia. Tulitoka nje taratibu, na mikono yangu ilitetemeka mpaka jioni. Tangu siku hiyo rangi kwangu ni habari za kiwandani tu. Kilichomo ndani leo huiulizi rangi.

Wataalamu wakilichukua, msigombane nao. Koti, kitabu cha kuachishwa jeshi na medali vibaki nyumbani. Kama kuna nyota ya shaba yenye pembe sita na utepe wa buluu iliyokoza wenye mstari mwekundu katikati na mistari ya rangi ya machungwa kila upande, hiyo ni Nyota ya Bama. Nitumie picha yake, na namba ya jeshi ya babu yako kama ipo kitabuni.

SWALI: Mzee, nimeuziwa guruneti la Kimarekani la buluu, kitako kina tundu. Je, ni halisi? Nilipake upya?
Mkusanyaji, South B

JIBU: Buluu kwa Wamarekani ni mafunzo. Guruneti lao la Mk 2 la vita lilikuwa la manjano mwili mzima, kisha katika Vita vya Pili likawa kijani cha jeshi lenye mkanda wa manjano, kwa sababu manjano ilionekana kwa mbali. La mazoezi lilikuwa na tundu kitakoni, likizibwa kwa kizibo, nalo lilitiwa baruti kidogo ya kutoa moshi na mlio. Kwa hiyo tundu peke yake halitoshi: fyuzi ya juu, yaani kiwashio chake, yaweza kuwa bado hai. Usiifungue, polisi waione kwanza.

Rangi usiiguse. Mkusanyaji hulipia ile ya zamani iliyochakaa, na buluu mpya iliyopita juu ya kutu ndani ya mifereji ndiyo inayomtambulisha aliyeipaka juzi.