Maswali ya Wasomaji: Mchoro upi ndio wa kujengea?

SWALI: Ndugu Mhariri, ofisi yetu ya michoro iko Mtwara mjini. Ghala tunalosimamia Masasi lina mafaili ya "mwisho", "mwisho2" na "mwisho kabisa", na fundi amesuka nondo za msingi kwa vipimo vya zamani. Tena tukipeleka faili kwa flashi, likifunguliwa huko mihimili haionekani. Tufanyeje? – Msomaji, Shangani

JIBU: Kwanza zege lisimwagwe mpaka mhandisi alinganishe nondo hizo na mchoro mpya.

Faili la DWG (faili la mchoro la programu ya AutoCAD) mnalofanyia kazi libaki na jina moja tangu mwanzo, mfano GHM-S-103, bila herufi ya toleo. Wengi hufanya kinyume. Mchoro wa msingi ukivuta plani ya nguzo kwa xref (kiungo cha kuonyesha mchoro wa faili jingine), AutoCAD huitafuta plani hiyo kwa jina. Mkiihifadhi upya kwa jina la "mwisho2", msingi utaendelea kuvuta ile ya zamani, kwa kuwa bado imo kwenye folda. Nguzo zimesogea, msingi uko palepale, na hakuna onyo lolote. Afadhali faili likosekane kabisa, hapo angalau mtashtuka.

Herufi ya toleo ikae kwenye jedwali la marekebisho na kwenye jina la PDF: GHM-S-103_C. Rukeni I na O, hufanana na 1 na 0. Jedwali litaje badiliko lenyewe, "nguzo za mstari wa 4 zimesogezwa mm 300 mashariki". "Marekebisho madogo" hayamwambii fundi kitu. Wingu, yaani mstari wa mawimbi unaoonyesha palipobadilika, lizungushiwe mabadiliko ya toleo hilo tu.

Mihimili inapotea kwa sababu mnabeba DWG moja na kuziacha xref zake ofisini. Tumieni amri ya AutoCAD iitwayo eTransmit: hukusanya vyote kwenye ZIP moja, pamoja na faili la CTB la unene wa mistari, fonti zichagueni kwenye mipangilio. Kila toleo likitoka, ZIP hiyo na PDF/A (PDF ya kuhifadhi muda mrefu) ziingie folda ya kumbukumbu isiyoruhusu kuhaririwa. Zijaribuni kwenye kompyuta nyingine. BAK (nakala ya akiba ambayo AutoCAD huitengeneza yenyewe) msiitegemee, hubeba hali ya kabla ya kuhifadhi mara ya mwisho tu. Nakala nyingine ikae nje ya jengo, hata Lindi.

Saiti, wekeni daftari: namba ya mchoro, toleo, tarehe, sahihi ya aliyepokea. Anayechukua toleo C arudishe B, au ipigwe mstari mwekundu kona hadi kona mbele yenu. PDF ya WhatsApp hairudi, basi ujumbe wa kila toleo jipya utaje lililobatilishwa.