Kabla ya kununua wavu, mjue kwanza anayekula vifaranga wako

Mwaka wa kwanza niliofuga kuku wa kienyeji hapa Muheza nilipoteza vifaranga wengi kuliko niliowakuza, na kilichonigharimu zaidi ni tabia ya kumsingizia mwewe kila hasara. Asubuhi moja ya msimu wa vuli nilifungua banda nikamkuta koo, yaani kuku mama, amejibanza pembeni, manyoya ya shingo yamemsimama, na kati ya vifaranga wake kumi na mmoja wa siku tatu waliosalia hai walikuwa wanne. Wawili walikuwa wamelala karibu na ukuta, vichwa vimetafunwa. Watano hawakuonekana kabisa. Siku ile ile nilikwenda mjini, nikanunua ule wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita, nikamlipa fundi aufunge juu ya uwanja wote wa kuku. Usiku wa tatu wakatoweka wawili wengine, na hapo ndipo nilipojiuliza swali nililopaswa kujiuliza mwanzo: mwewe gani anayewinda usiku? Nilizoa pumba zote za mpunga zilizokuwa sakafuni, nikapapasa mahali ukuta unapokutana na msingi, nikakuta tundu lisilozidi upana wa kidole gumba, mdomo wake umelainika kwa kupitiwa mara nyingi, pembeni pana mavi meusi ya panya. Nilipolichimba nilikuta ndani ubawa mmoja wa kifaranga, bado una manyoya yake laini ya njano.

Tangu siku hiyo sinunui chochote wala simwiti fundi kabla sijasoma alama zilizoachwa, kwa sababu kila mwizi wa kuku ana saa yake, njia yake na namna yake ya kula, na kinga inayomzuia mmoja haimsumbui mwenzake hata kidogo.

Nianze na wa mchana. Mwewe humchukua kifaranga mzima, haachi damu wala mzoga, na dalili yake kubwa ni sauti ya koo: ule mlio mrefu wa onyo unaowafanya vifaranga wote wakimbilie chini ya mbawa au vichakani. Ukihesabu jioni ukakuta amepungua mmoja bila alama yoyote, na mchana uliusikia mlio huo, basi mtazame angani. Kunguru naye, hasa yule mweusi mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na sasa ameenea pwani yote, ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu huja kwa kundi. Mmoja humchokoza koo mpaka amfukuze, na mwenzake huku nyuma hunyakua kifaranga au hutoboa yai. Nguchiro hupita mchana pia, na akipata yai hulirusha kinyumenyume kati ya miguu yake ya nyuma mpaka ligonge jiwe au ukuta lipasuke, hivyo ukiona maganda yaliyovunjika chini ya ukuta mbali na kiota, usimlaumu kuku. Kenge huonekana zaidi kwa sisi tulio karibu na mto au bonde la mpunga. Na paka wa nyumbani, hata yule unayempenda, huwaona vifaranga wa wiki ya kwanza kama panya. Wangu ilinibidi nimfungie ndani kila mara koo walipotoka kuangua.

Wa usiku ndio wanaofilisi. Panya huburuta na kuficha, na huacha mabaki karibu na ukuta. Kanu hupanda, huingia kwa juu kati ya bati na ukuta, na akiwa ndani huua wengi kwa kuwauma shingoni ingawa hawezi kuwala wote. Kicheche huchimba chini ya mlango au chini ya ukuta wa mabanzi, na mara nyingi harufu yake kali hubaki bandani mpaka asubuhi. Nyoka haachi fujo: mayai hupungua bila ganda hata moja kubaki, au unamkuta kifaranga amekufa akiwa mzima, kichwa na shingo vimelowa kama vilivyotiwa maji, kwa kuwa nyoka alijaribu kummeza akashindwa. Wapo pia nyoka wembamba wasio na sumu ambao chakula chao ni mayai ya ndege tu. Hulimeza yai zima, hulipasua ndani ya koo lake kwa ncha za mifupa ya uti wa mgongo, kisha hulitema ganda likiwa limekunjamana. Ganda la namna hiyo nimeliokota mara mbili nyuma ya viota, na mara zote mbili nyoka alikuwa amepita kwenye nafasi iliyo chini ya mlango, ambayo mimi niliiona ndogo mno kupitisha kitu.

Adui ambaye wafugaji wachache humtaja, na ambaye mimi namwogopa kuliko wote, ni siafu. Ilikuwa mwezi wa Novemba, mvua imenyesha siku tatu mfululizo, na koo wangu mmoja alikuwa siku ya 20 ya kuatamia, mayai 11, kwenye kiota cha boksi nilichokiweka pembeni ya stoo. Yapata saa tisa usiku nilisikia mbawa zikipigwapigwa. Nilipomulika tochi niliona mstari mweusi, mnene kama kamba ya katani, umetoka nje kupitia ufa wa ukuta na kuingia moja kwa moja kwenye boksi. Kuku anayeatamia hatoki kitandani kwake kwa jambo dogo, na yule hakuwa ametoka. Alikuwa amesimama juu ya mayai, siafu wamemganda miguuni na kuzunguka macho. Mayai mawili yalikuwa yameshadonolewa na vifaranga kutoka ndani, na siafu walikuwa wameingia kwa tundu lile lile ambalo kifaranga alilitoboa ili apate hewa. Hao sikuweza kuwaokoa. Yale tisa niliyafuta moja moja kwa kitambaa kikavu, nikayafunga ndani ya kanga, nikayaweka jikoni karibu na joto la mafiga, kisha nikakaa chini na yule koo nikimtoa siafu mmoja mmoja kwa vidole. Alfajiri alikubali kuatamia tena palepale jikoni, na siku mbili baadaye walitoka vifaranga saba.

Nalieleza kwa kirefu kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa hukimbilia mafuta ya taa, na nusura nami nifanye hivyo. Mafuta yakigusa mayai huziba vitundu vya ganda ambavyo kifaranga hupumulia, na utakuwa umeyaua mwenyewe mayai uliyotaka kuyaokoa. Mafuta ya taa au majivu ya moto yapigwe nje, kwenye mstari wa siafu na mahali wanapoingilia, kamwe si kiotani, huku kuku na mayai yake wakiwa wameshahamishwa. Kinga ya kudumu niliyoiona ikifanya kazi ni kuviweka viota na kizimba cha vifaranga juu ya meza yenye miguu minne, kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari kiasi cha vidole vitatu, na kopo limefunikwa kwa kipande cha bati chenye nafasi ndogo tu ya mguu ili kifaranga asitumbukie na mvua isijaze. Jambo la kuangalia kila siku ni daraja: jani moja refu likiegemea meza, au meza yenyewe ikigusa ukuta, oili yote ni bure. Majivu peke yake hufaa wakati wa kiangazi. Yakilowa hayamzuii siafu.

Kuhusu banda lenyewe, ushauri wangu ni kwamba usijaribu kuliimarisha lote kwa mara moja kama fedha ni ya kuunga. Kuku wakubwa hukabiliana na mengi. Anayehitaji ngome ni kifaranga wa wiki nne za mwanzo na kuku anayeatamia. Jenga chumba kidogo cha usiku, hata cha mita moja kwa mita moja na nusu, na fedha yako nzuri iingie humo. Wavu wa pembe sita unamzuia kuku asitoke, basi. Nyoka na panya hupita katikati yake, na kicheche huufumua kwa meno. Kwa chumba hiki tafuta wavu wa chuma uliochomelewa wenye matundu ya nusu inchi. Usipoweza kuuzungushia wote, uanzie ardhini mpaka sentimita 60 kwenda juu, na sehemu ya juu uifunge kwa mbao zilizobanana. Ncha ya chini izikwe ardhini kiasi cha sentimita 30, kisha ikunjwe kuelekea nje kama mguu wa herufi L, maana mnyama anayechimba huanza usawa wa ukuta, na akikutana na chuma chini hajui kurudi nyuma hatua mbili aanze upya. Sakafu niliyoifanya ni ya mawe yaliyoshindiliwa na kupigwa saruji, na hii ndiyo iliyomaliza panya wangu, si mtego wala paka.

Mlango uangaliwe kwa makini kuliko ukuta, kwa kuwa fundi wengi huacha nafasi chini ili mlango usikwame mvua ikivimbisha mbao. Weka kizingiti cha mbao au saruji, na mlango ukifungwa uegemee juu yake. Komeo liwe la chuma la kusukuma. Kipande cha kamba au msumari uliopindwa hulegea baada ya muda, na usiku mmoja wa mlango uliolegea unatosha.

Hata hivyo, usizibe mpaka banda likose hewa. Nilipokuwa na hofu kubwa niliwahi kuziba kila upenyo kwa magunia, nikaweka ndani jiko la mkaa la kuwapa joto, na asubuhi niliwakuta vifaranga watatu wamekufa kwa hewa chafu ya mkaa bila kuguswa na mnyama yeyote. Acha nafasi chini ya paa pande mbili zinazoelekeana, ifunikwe kwa wavu ule ule wa nusu inchi, ili hewa ipite juu ya vichwa vyao na kanu asipate pa kushukia.

Mayai yana utaratibu wake. Kuku akiachwa atage kiotani siku 12 au 13 mfululizo, mayai yale hukaa kama sahani iliyoandaliwa kwa kila apitaye. Mimi hukusanya kila jioni, nikamwachia moja tu lililotiwa alama ya penseli ili asihame kiota, na mengine nikayaweka ndani ya nyumba mahali pa ubaridi, ncha nyembamba ikitazama chini, bila kuzidi siku saba hadi kumi. Akianza kulalia humrudishia kumi hadi kumi na tatu kwa pamoja, wakati wa magharibi, na kwa njia hiyo mayai yote huanguliwa siku moja, ya 21, badala ya kuchelewa mawili matatu ambayo huachwa peke yake koo akishaondoka na wengine. Yai lililopasuka litolewe upesi na majani ya kiota yabadilishwe, kwa sababu harufu ya ute huwaita siafu, panya na nyoka kutoka mbali.

Vifaranga wakishatoka, wiki mbili za mwanzo hawatoki nje kabisa. Wiki ya tatu na ya nne hutoka saa chache chini ya tenga au ndani ya uzio uliofunikwa juu, na mimi hufunikia nyavu kuukuu za uvuvi ninazonunua kwa wavuvi wa Tanga. Ni imara, haziozi haraka, na mwewe hazipendi. Watu hutundika sidii za zamani na kanda za kaseti zinazometameta, na wengine huwapaka vifaranga rangi ya zambarau. Nimejaribu sidii: zilisaidia kama juma moja, kisha mwewe akazizoea. Vichaka vifupi na migomba iliyoachwa karibu na banda vimenisaidia kuliko hizo, kwa kuwa koo akipiga mlio vifaranga hupata pa kuingia hatua tatu tu kutoka walipo. Ila majani marefu yanayogusa ukuta yafyekwe mpaka mita tatu hivi, pamoja na kuondoa rundo la kuni na matofali, maana humo ndimo nyoka na panya hulala mchana.

Naomba kwa moyo wote usitege sumu. Nyama iliyopakwa dawa ya wadudu haichagui. Itamuua mbwa wako, wa jirani, na bundi, ambaye wengi tunamwita ndege wa nuksi ilhali anatuondolea panya kila usiku bila malipo. Wanyamapori pia wanalindwa na sheria ya mwaka 2009, na chatu akiingia bandani wa kumwita ni afisa wanyamapori wa wilaya, siyo vijana wenye mapanga.

Hivi ninavyoandika, koo wangu mwekundu yuko siku ya 19. Saa kumi na mbili jioni nimezoa punje zote zilizomwagika ili panya wasipate kinachowaita, nimehesabu kuku, nimesukuma komeo, nimezunguka meza kwa tochi na kuongeza oili kwenye kopo la mguu wa kushoto lililokuwa limepungua. Mawingu yametanda upande wa Usambara, kwa hiyo saa tisa usiku nitaamka tena nimulike ukuta.